Saa, Mkanda wa Kifua au Kibanio cha Kidole? Nimemvalisha Ami Vyote Vitatu

Assalam aleikum jamaa zangu, leo nko Lamu, na hiyo kelele nyuma ni punda wa jirani, atanyamaza. Sa leo si simu wala spika, nawachambulia vitu vya kuvaa vya kupima moyo na oksijeni, manake ami yangu moyo ulimsumbua na yuko kwenye mazoezi ya kurudisha nguvu za moyo na mapafu, na kila baada ya muda hutembezwa dakika 6. Yaani njia ya mita 30, unaenda unarudi, wanahesabu umefika mita ngapi. Dada wa fiziotherapia akakubali tumvalishe vyote pamoja, ami akacheka, ati mwanipamba kama bibi harusi.

Tuanze na saa. Alipokuwa amekaa ilikuwa sawasawa kabisa, nkasema mashallah. Dakika ya pili akiwa mwendoni saa yasema moyo wapiga mara 121 kwa dakika, mkanda 86, kibanio 85! Ile saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi kusoma damu inavyopita, sa mkono unayumba, jasho la Lamu mnalijua, saa imelegea, basi ikaanza kuhesabu hatua ikidhani ni moyo. Na zile alamu zake za 220 toa umri, yaani kukisia mwisho wa mapigo ya moyo wako kwa dakika, ami anatumia dawa ya kupunguza mapigo, bisoprolol, moyo wake haupandi hivyo, kwa hiyo hiyo hesabu haimhusu.

Mkanda ndo niliupenda. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, lowesha kidogo pale pa kugusia ngozi, basi. Ila unabana, na ufue, wallahi unanuka.

Kibanio cha kidole ndo cha oksijeni, taa nyekundu na ile isiyoonekana. Kina Takuo Aoyagi kule Japani ndo walioanza hiyo fikra miaka ya 1970. Akina mama nisikilizeni hapa: piko nyeusi na rangi ya kucha zinaweza kukichanganya, kwa hiyo tafuteni kidole kisafi. Na sisi wenye ngozi nyeusi, Wamarekani wenyewe, FDA, wale wasimamizi wao wa dawa na vifaa vya tiba, walitoa onyo mwaka 2021, kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri kuliko ilivyo. Sa ukiona oksijeni asilimia 94 na mtu anahema midomo imebadilika rangi, mwamini mtu.

Ndo maana yule dada alikuwa na karatasi ya Borg, namba za kupima mtu anavyosikia uzito wa zoezi, 6 mpaka 20, anamuuliza ami wasikia uzito gani, ami 13, ngumu kidogo. Hakuna betri hapo. Na msijipime peke yenu nyumbani kama mtu ana ugonjwa wa moyo, nendeni kwa wenyewe.

Ami alifika mita 366, mara ya kwanza ilikuwa 312. Saa iliandika 540, sijui ilitembea na nani.

Mkanda nanunua. Saa nilitaka kuirudisha dukani lakini ami amekataa kuivua, ati yamlilia wakati wa adhuhuri.