Probayotiki ipi ununue ukiwa Tabora: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kuachana nayo

Siku hizi kila mtu anaulizia probayotiki, huyu kaambiwa na daktari, yule kaona status ya mtu, anaingia famasi anasema nipe vile vidonge vya bakteria wazuri, anapewa kopo la hela ndefu na hata hajui ndani kuna nini. Sasa hawa ni viumbe hai jamani, na hapa kwetu mwezi wa kumi joto lake tunalijua, umeme nao unakatika, na mzigo wa famasi mwingi umekuja kwa basi toka Dar. Wakifia njiani umenunua unga.

Kitu kimoja kwanza, soma jina lote. Lactobacillus ni ukoo, rhamnosus ni aina, GG ndo mbegu yenyewe. Mkulima wa Urambo haendi duka la pembejeo akasema nipe mahindi basi, anataja mbegu, na huku ni hivyohivyo, utafiti uliofanywa kwa mbegu moja hauhamii kwa ndugu yake. Na ukikuta Lacticaseibacillus rhamnosus usishtuke, ni yuleyule, majina yalibadilishwa 2020.

1. Mgando na yogati. Kwa mtu mzima ambaye haumwi, anza hapa, hela ya kopo moja la kapsuli inakununulia mgando wa siku nyingi sana. Kiukweli mgando wa kienyeji hauna mbegu inayojulikana kwa hiyo kwa tafsiri ya FAO na WHO (mashirika ya dunia ya chakula na ya afya) ya 2001 siyo probayotiki kamili, ila bakteria hai wamo kibao. Yogati ndo ina wawili wanaofahamika, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, na faida yao iliyothibitika ni kwa wale ambao maziwa fresh yanawajaza gesi, maana wanasaidia kusaga ile lactose, sukari ya kwenye maziwa.

Kununua sasa. Muulize muuzaji, mama, haya yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Kama hapana achana nayo hata yawe matamu vipi, brusela (homa inayotoka kwa mifugo) na TB ya ng'ombe zinapita humohumo kwenye maziwa mabichi. Kuyachemsha yakishaganda nako hakufai, unaua hao hao uliowafuata. Maji ya njanonjano juu ni kawaida, koroga unywe. Ila kidumu kikiwa kimevimba, ukifungua mfuniko kinatoa pshh, au kuna utando wa kijani au wa pinki, mwaga. Ya kiwandani tafuta lebo inayosema bakteria hai, na ikiwa imekaa rafuni nje ya friji miezi ujue ilipashwa moto baada ya kuganda, humo hakuna aliye hai.

Wenzetu Mwanza wana Fiti, yogati yenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kina mama walianza kuitengeneza 2004 kwenye mradi wa chuo kikuu cha Western cha Kanada. Ukiwa na mtu wa kukuletea kwenye barafu, chukua.

2. Saccharomyces boulardii CNCM I-745. Hii ndo ya kununua famasi ukiwa umeandikiwa antibayotiki na tumbo lako huwa linaharibika ukizinywa. Siyo bakteria, ni jamii ya hamira, Mfaransa Henri Boulard aliipata Indochina miaka ya 1920 kwenye maganda ya matunda, na kwa kuwa ni hamira antibayotiki haziiui. Dawa za fangasi ndo zinaiua, kwaiyo usichanganye. Ile iliyokaushwa kwa baridi inavumilia safari kuliko wengi. Mgonjwa aliyelazwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, au ambaye kinga yake imeshuka sana, hapana kabisa, inaweza kuingia kwenye damu.

3. Lactobacillus rhamnosus GG. Imetafitiwa kuliko karibu zote na kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki iko vizuri. Ila mtoto anayeharisha tu asikudanganye mtu, 2018 Marekani waliijaribu kwa watoto 971 waliofika hospitali wanaharisha na kutapika, haikuizidi dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Mtoto apewe ORS na zinki, akizidi mpeleke hospitali. Nimeiweka ya tatu sababu ya joto tu, uliza famasi waliihifadhi wapi, na lebo iseme idadi ya bakteria mpaka tarehe ya mwisho, siyo siku ya kutengenezwa.

4. Bacillus clausii, vile vichupa vya kunywa. Hawa wanajifungia kwenye ganda gumu kwa hiyo joto la Tabora haliwasumbui, na kichupa cha mililita 5 kina bilioni 2. Kwa uhifadhi wangekuwa wa kwanza, ushahidi ndo mwembamba.

5. Limosilactobacillus reuteri DSM 17938, matone. Kazi moja tu, mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama na analia chango jioni nzima. Kwa anayekunywa ya kopo ushahidi haueleweki. Njiti usimpe bila daktari.

6. Kopo la "bilioni 50, aina 15". Ukigeuza nyuma hakuna jina hata moja la mbegu, majina ya ukoo tu yamepangwa, alafu anayekuuzia anakwambia inatoa kitambi, inatibu sukari, presha, mpaka ugumba. Wingi wa aina hauna maana yoyote kama hakuna aliyeujaribu mchanganyiko huo. Kama shangazi kakuletea toka Dar kwa upendo wake na huna ugonjwa mkubwa, we meza tu yaishe, ila dawa zako za presha usiziache.