Kulinda Rangi ya Gari Mtwara na Lindi: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Gari linaloegeshwa Shangani, au kando ya bahari pale Lindi mjini, huchafuka hata lisipotoka. Upepo wa kusi huliletea chumvi usiku kucha, na asubuhi ukipitisha kidole juu ya boneti unakuta utando mwembamba unaonata. Gari hilohilo likipanda Newala au likienda Nachingwea, hurudi limevaa vumbi jekundu ambalo chembe zake hukwaruza rangi zikisuguliwa kavukavu. Katikati ya mwaka, wakulima wanapopuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, unga wa njano hutua juu ya kila kilichoegeshwa karibu na mashamba, na msimu wa mabibo ukifika, maji ya tunda hilo yanayoharibu nguo huacha madoa ya kahawia kwenye magari meupe. Maelezo ya makopo mengi ya dawa za gari yameandikiwa watu wa nchi za baridi, kwa hiyo nimezipanga bidhaa hizi upya, kwa kipimo cha mwambao wetu.

Ni vyema mnunuzi ajue anacholinda. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia, na katika magari mengi yaliyotoka kiwandani unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko nywele nyingi za kichwani. Tabaka hilo ndilo linalong'aa na ndilo linalozuia jua lisipaushe rangi iliyo chini yake, na likishaliwa halioti tena. Linarudishwa kwa kupigwa upya na fundi. Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa bidhaa zinazopunguza mikwaruzo, ingawa hazivutii macho dukani.

Nafasi ya kwanza, basi, ni vifaa vya kuoshea: shampuu ya gari, ndoo mbili, glovu ya kuoshea yenye manyoya laini na taulo kubwa la mikrofiba (kitambaa cha nyuzi laini sana) la kukaushia. Sabuni ya unga tunayofulia nguo ina magadi mengi. Huondoa uchafu, lakini huondoa pia nta na kinga yoyote uliyoilipia, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo imetengenezwa ili ikate mafuta, kwa hiyo haina huruma na nta. Ndoo moja iwe ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila unapomaliza sehemu moja, ili mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili badala ya kurudi kwenye mlango. Kabla ya kugusa bodi kwa mkono, mwagia maji mengi kuanzia paa kushuka chini, hasa kama gari limetoka barabara ya vumbi au limepata unga wa salfa. Naomba pia ile desturi ya kufuta gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae iachwe kabisa, kwani mng'ao huo ni wa siku mbili, mafuta hayo hukamata vumbi upya, na mipira ya milango na vioo hulegea.

Maji nayo yanastahili kufikiriwa kama bidhaa. Visima vingi vya pwani, na hasa maeneo yenye mawe ya matumbawe kama Mikindani, hutoa maji yenye chokaa au chumvi, na tone likikaukia juani huacha duara jeupe ambalo sabuni hailiondoi. Mwenye tangi la maji ya mvua afadhali atunze ndoo mbili tatu za kusuuzia mwisho. Asiye nalo aoshe gari kivulini, asubuhi na mapema, na akaushe mara moja. Taulo zuri la mikrofiba hapa lina thamani kuliko kopo lolote la nta, na siku litakapoanguka mchangani lisirudi kwenye bodi kabla ya kufuliwa.

Nafasi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kinga inayowafaa wengi wetu, ni silanti, yaani kinga ya maji maji au ya kupaka iliyotengenezwa kwa kemikali badala ya nta ya mmea. Huvumilia joto la bati lililokaa juani kutwa, haiyeyuki wala haigeuki kuwa mafuta yanayokamata vumbi, na ikipakwa vizuri hukaa miezi mitatu hadi sita kulingana na jua na namna gari linavyooshwa. Hiyo inatosha kupanga ratiba inayofuata mvua zetu: unapaka Novemba kabla mvua hazijaanza, kisha unapaka tena Mei zikikatika, wakati kusi inaposhika na chumvi kuongezeka. Chupa moja huhudumia gari dogo mara kadhaa, kwa sababu tabaka linalotakiwa ni jembamba sana, na anayepaka nene hupoteza dawa na kujiongezea kazi ya kufuta.

Hata hivyo silanti haishiki juu ya uchafu. Baada ya kuosha, pitisha kiganja ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki juu ya boneti. Ukihisi kama msasa, kuna chembe zilizojikita ndani ya klia, na kwa wanaoishi karibu na barabara ya malori ya saruji jambo hili ni la kawaida. Hapo unahitaji udongo maalumu wa kusafishia rangi, ambao huteleza juu ya bodi iliyoloweshwa maji ya sabuni na kuzing'oa chembe hizo. Kipande kimoja hutosha mara nyingi, lakini kikianguka chini hakitumiki tena.

Nafasi ya tatu ni dawa ya kupuliza yenye silika. Ni rahisi kuliko zote: unaosha, unapuliza, unafuta, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Haidumu kama silanti, lakini ikitumiwa juu yake kila baada ya wiki chache huirefushia maisha, na kwa dereva wa teksi au bodaboda anayeosha chombo kila siku ndiyo ningeinunua kwanza. Baadhi ya chupa hizi huandikwa seramiki, jina la kinga ya kudumu inayopakwa na fundi, kwa herufi kubwa. Mnunuzi asilipe bei ya seramiki kwa ajili ya neno hilo.

Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, naipa nafasi ya nne kwa kusitasita, kwa kuwa hakuna kinachoifanya rangi nyeusi ionekane yenye kina na unyevu kama nta hiyo. Tatizo ni kwamba kwa jua la hapa hukaa wiki chache tu. Anayelipenda gari lake na kufurahia kulipaka kila mwezi ainunue bila kujuta.

Seramiki yenyewe, ile inayopakwa na fundi na kudumu mwaka mmoja hadi mitatu au zaidi, ninaiweka ya tano, si kwa sababu ni mbaya bali kwa sababu magari yetu mengi yamekuja yametumika Japani na klia yake imeshachoka. Seramiki hufunga kilichopo, mikwaruzo na upaukaji pia, hivyo lazima rangi isawazishwe kwanza, na kazi hiyo mara nyingi hugharimu kuliko dawa yenyewe. Inafaa gari jipya au lililotoka kupigwa rangi na kukauka kabisa, tena lipakwe ndani ya banda, lisiguswe na maji siku ya kwanza na lisioshwe kwa sabuni kwa takribani wiki moja. Maandishi ya 9H kwenye boksi yanahusu kipimo cha ugumu wa penseli. Hayamaanishi kwamba kokoto za barabarani hazitaacha alama.

Za mwisho kabisa ni dawa za silikoni za kupuliza zinazouzwa kama king'arishi, ambazo hung'arisha saa chache na kisha hukusanya vumbi, pamoja na kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, inayonunuliwa bila sababu. Kompaundi hung'arisha kwa kula klia. Pikapu yangu nyeupe ilipigwa kompaundi kwa mashine mara tatu ndani ya miaka miwili kwa ushauri wa karakana moja, na mara ya tatu klia ya ukingo wa boneti ikaisha, ikaanza kubabuka kama ngozi iliyoungua. Niliumia sana, kwa kuwa kila mara nilikuwa nimelipa nikiamini ninaitunza.

Fedha ikibaki, iende kwenye kichupa cha rangi ya kuziba alama za kokoto, kwa maana hapo ndipo chumvi huingia na kutu huanza kutambaa chini ya rangi. Kwa Toyota, angalia kibati cha maelezo kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, mbele ya herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha. Ipe duka namba hiyo badala ya kusema "nyeupe", kisha jaribu tone moja mahali pasipoonekana kabla ya kugusa mlango.