Neti ya waya inakatakata? Waya gani ununue na gani uuache hapo hapo dukani

Kabla hujatoa hela fanya jambo moja, tafuta waya ambao una uhakika ni mzima, hata ule mfupi uliokuja na rauta kwenye boksi, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye rauta halafu tumia kama nusu saa hivi. Ikitulia, mchawi ni waya wako. Ikiendelea kukata jaribu poti nyingine, na bado ikisumbua hela yako weka mfukoni kwanza, shida iko kwa rauta, kadi ya mtandao ndani ya kompyuta au kwa wanaokuuzia intaneti. Cheki pia kompyuta inasoma spidi gani ya muunganisho, kama imeandika 100 na kompyuta na rauta zote ni za gigabiti (yaani megabiti 1000 kwa sekunde), mara nyingi kuna uzi umekatika humo ndani au haugusi vizuri, maana gigabiti inataka nyuzi zote nane wakati megabiti 100 inajiendea na nne tu.

Mimi nililaumu kampuni ya intaneti wiki mbili nzima. Kumbe kale kaulimi ka plastiki kwenye kichwa cha waya kalishavunjika, nikisogeza kiti mguu unaugusa waya, kichwa kinarudi nyuma kidogo sana hata kwa macho huoni, taa inazima, inawaka tena, na mkutano wa video ndio umeshakata hivyo. Nikaanza kununua nyaya, zingine takataka kabisa.

Namba moja kwangu ni Cat6 (Cat na namba yake ni daraja la waya) ya shaba tupu, ya duara, isiyo na ule mkanda wa foili. Gigabiti inabeba hadi mita 100, na gigabiti 10 inaweza kwa umbali mfupi, kama mita 55 hivi. Nyumbani unataka nini tena?

Ya pili Cat5e ya shaba. Watu wanaidharau bure, gigabiti kwa mita 100 inafika bila shida, kwahiyo kama ndio iliyopo chukua tu.

Tatu Cat6A, inafikisha gigabiti 10 mita 100 zote, ila nene, ngumu kukunja kwenye kona, na kama huna vifaa vya spidi hiyo unanunua uzito tu.

Nne zile bapa za kupitisha chini ya zulia. Nyuzi zake nyembamba mno, kwa mita mbili tatu sawa, kwa urefu wa nyumba nzima hapana.

Cat7 na Cat8 mi naziruka. Cat8 imetengenezwa kwa vyumba vya seva, na spidi yake kubwa inaishia mita 30, sasa sebuleni ya kazi gani? Zina kinga ya chuma ambayo bila kuungwa na ethi vizuri haikusaidii, na nyingi zinazouzwa rahisi jina ni kubwa kuliko waya wenyewe.

Ya mwisho kabisa, usiiguse hata ukipewa bure: alumini iliyopakwa shaba, kwenye ganda huandikwa CCA, na wajanja hawaandiki chochote. Inakatika ukiikunja mara chache, upinzani wake wa umeme ni mkubwa, na ukiitumia kupeleka umeme kwa kamera inaweza kupata moto. Kuitambua rahisi, kata ncha uikwangue kwa kisu, ukiona nyeupe ya fedha chini ya ule wekundu ujue umepigwa. Roli yake ukiinyanyua pia ni nyepesi kupita kiasi.

Ukishapata nzuri, ya kutembeatembea mezani kila uzi kati ya ile nane uwe wa vinyuzi vingi laini, ya kufukia ukutani kila uzi uwe kipande kimoja kigumu. Chukua iliyozidi nusu mita isivutike, usiilaze sambamba na nyaya za umeme, na kichwa ukichomeka usikie kah, usiposikia rudisha.