Studio ya kusafisha picha Makoroboi, vibao vya neoni wanaviweza

Jamani wenye picha za usiku mnaotafuta pa kusafishia hapa Mwanza, kuna studio iko Makoroboi, ghorofani juu ya maduka ya vitenge, mi nawapa nyota nne na ningewapa tano kama sio vioo vya fremu zao.

Mdogo wangu anaendesha trela Marekani, akikatiza ile barabara ya zamani ya Route 66 ananipigia vibao vya moteli vya taa za neoni, nikataka za kutundika mapokezi kwenye gesti yetu Kirumba. Sasa picha hizi ngumu aisee. Gesi ya neoni yenyewe inatoa wekundu wa kuelekea chungwa, bluu inatoka kwenye bomba la gesi ya agoni na zebaki kidogo, na ule wekundu ukimpelekea mtu asiyejali anaongeza mwanga mpaka bomba linakuwa jeupe na mbingu inageuka kijivu, yani kibao kama kimezimwa. Imeshanikuta sehemu nyingine mjini, hela ikaenda.

Kijana wa hapa kwanza alizikataa zile za WhatsApp, zimebanwa, mwambie atume kama dokyumenti. Faili kamili zilipofika akavuta karibu kwenye herufi, akanionyesha zipi bado zina rangi ndani ya bomba na zipi zimeungua, zilizoungua kasema hazifufuki, nisitoe hela yangu bure. Hapo nilimpenda sana. Zilizopona karibu zote ni za wakati wa magharibi, jua limezama ila mbingu bado ina bluu, maana giza likishakuwa totoro simu inalazimisha mwanga na kibao kinaungua. Halafu akatoa kipande kidogo cha majaribio tukakiangalia dirishani kabla ya kutoa kubwa.

Blue Swallow ya Tucumcari, New Mexico, imetoka balaa. Moteli ya tangu 1939, yule mbayuwayu wa bluu juu, chini maandishi ya kujisifia hewa ya ubaridi vyumbani asilimia 100, na kuta za pinki zimeshika mwanga wa kibao vizuri mno. Roy's ya Amboy, jangwani kule California, nayo safi, kibao chake cha 1959 kilikaa gizani miaka mingi kikawashwa tena 2019, ule mshale mwekundu kila nikipita mapokezi lazima niutazame. Wageni wakichukua funguo wanauliza hii wapi.

A3 ni 20,000 bila fremu, sio rahisi ila inastahili. Chukua karatasi isiyong'aa, fremu kachongeshe kwa fundi, kioo chao kinarudisha taa ya tyubu yote usoni. Na usiache flashi ukaondoka, kaa naye kwenye kompyuta, nenda asubuhi maana jioni foleni ya pasipoti saizi haiishi.