Uzoefu wangu na ScotlandsPeople: kufuata ukoo wa kuukeni

Ukoo wa mume wangu ni wa Dundee, mji wa Uskoti, na mama mkwe alikuwa na hamu ya kujua walikotoka bibi zake upande wa mama. Tukaingia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti inayohifadhi kumbukumbu za vizazi, ndoa, vifo na sensa. Kwa anayetafuta wanawake wa ukoo wake, naisifu bila kusita.

Usajili wa lazima ulianza Januari 1, 1855, na Waskoti waliandika kwa kirefu. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la kwao huyo mama kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili. Huko England, cheti cha ndoa kilitaja baba tu hadi 2021! Ndiyo maana nashauri uanze na kifo: ukipata cheti cha bibi mmoja, mama yake umeshampata, na safari inaendelea.

Kutafuta jina ni bure, ila kuona picha ya waraka ni kwa kulipia. Sisi tulilipa pauni 1.50 kwa kila picha. Vyeti vya karibuni hutavipata mtandaoni: vya kuzaliwa vinafungwa miaka 100, vya ndoa 75, vya kifo 50. Hapo waulize wazee.

Kilichonigusa zaidi ni sensa ya 1911. Bibi mzaa bibi yake mama mkwe yumo, mfanyakazi wa kiwanda cha juti. Vyumba vyenye dirisha: 1. Watoto waliozaliwa hai: 9. Walio hai: 6. Mama mkwe akaniomba nisome tena, kwa sababu hao watatu hakuna aliyewahi kumtajia. Tukawatafuta kwenye vifo, tukawapata wote: wawili surua, mmoja kifaduro. Sasa anawajua kwa majina.

Kabla ya 1855 mambo ni magumu. Zipo daftari za parokia, kongwe kabisa ya 1553, lakini kuandikisha hakukuwa lazima, na baada ya Kanisa la Uskoti, lililotunza daftari hizo, kugawanyika mwaka 1843 watoto wengi hawamo. Majina nayo yanabadilika tahajia, Mac leo, Mc kesho. Weka alama ya nyota badala ya herufi unazozitilia shaka. Mimi Mkikuyu nilisaidiwa na desturi yao ya kurithisha majina: mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, sawasawa na kwetu. Tofauti iko kwa msichana wa kwanza, ambaye kwao humchukua bibi mzaa mama. Si sheria, lakini mara mbili ilituelekeza kwenye mlango sahihi.

Tumekwama kwa mwanamke mmoja ambaye sensa ya 1851 inasema tu amezaliwa Ireland, bila kaunti wala kijiji. Sensa nyingi za Ireland za miaka hiyo ziliungua Dublin mwaka 1922, kwa hiyo sasa tunapekua rejesta za Kikatoliki za Dundee, tukitumaini padri aliandika parokia aliyotoka.