Siku nne za mapumziko ya kifahari Venezia: uzoefu wangu

Mwezi Novemba mwaka jana mimi na mume wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa, na kwa kuwa katika miaka yote hiyo hatukuwahi kusafiri pamoja ila kwa harusi, msiba au kupeleka watoto shule, tuliamua kujilipia siku nne Venezia, mji wa mifereji wa Italia. Tunaishi Munich, ambako treni ya moja kwa moja huvuka milima ya Alpi na kuufikia mji huo kabla ya jioni. Kampuni ya utalii tuliyoitumia ilituuzia mpango wa kulala mara tatu katika hoteli ya nyota tano, pamoja na kifungua kinywa, boti binafsi ya kutupokea kituoni na safari ya gondola, yaani mashua nyembamba ya kupigwa kasia, kwa euro 2,940 kwa watu wawili. Hizo ni fedha nyingi kwetu, na ndiyo sababu naandika kwa kirefu ni kipi kati ya hivyo kilichostahili kulipiwa.

Kituo cha Santa Lucia kinafunguka moja kwa moja kwenye Mfereji Mkuu. Unashuka ngazi na mbele yako ni maji. Hakuna teksi ya magurudumu, pikipiki wala baiskeli. Boti yetu ilikuwa ya mbao iliyopigwa vanishi hadi inang'aa, na nahodha wake alimshika mume wangu mkono kwa utulivu mkubwa, kwani goti lake limekuwa likimsumbua tangu alipofanyiwa upasuaji. Tuliteremkia kwenye mlango wa maji wa hoteli, ambao ngazi zake za mawe zimeota mwani wa kijani hadi pale maji yanapofika yakijaa. Hoteli hiyo ilikuwa zamani jumba la ukoo wa wafanyabiashara, na katika majumba ya namna hiyo mlango wa maji ndio uliokuwa mlango mkuu, kwa sababu bidhaa zilishushwa hapo na kuwekwa ghalani chini, na wenye nyumba wakaishi ghorofa ya juu yake. Mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi za kupanda na kushuka. Mwenye goti bovu au sanduku zito asiikatae boti hii, hata akilazimika kupunguza kitu kingine.

Tatizo lilianzia mapokezi. Nilikuwa nimelipia chumba kinachotazama Mfereji Mkuu, lakini dirisha letu lilitazama mfereji mdogo wa nyuma, ambao boti mbili zinapishana kwa shida. Mhudumu alinionyesha hati ya kampuni iliyotuuzia safari: ilisema chumba kinachotazama mfereji, basi, na neno "Mkuu" halikuwamo. Hoteli haikuwa na kosa, na vyumba vya mbele vilikuwa vimejaa. Niliumia, kwa sababu tofauti ya bei niliyolipa kwa ajili ya mandhari hayo ilikuwa euro 360, na mtu anayeuza safari za kifahari anajua fika uzito wa neno moja.

Chumba chenyewe sikukikosoa. Sakafu ilikuwa ya vipande vidogo vya marumaru vilivyosagwa na kusuguliwa pamoja, na ilikuwa imebonyea kidogo katikati, kiasi kwamba chupa ya dawa ya mume wangu iliviringika polepole hadi chini ya dirisha. Kitanda kilikuwa kipana na shuka nzito za pamba. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti za wanaume chini ya dirisha. Nilipochungulia niliona mashua bapa imefungwa kwenye mlango wa nyuma, nao wanapakua mafurushi ya shuka safi na kupakia machafu. Baada yao ikaja ya mboga na barafu, na baadaye ya taka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila kitu Venezia ni ghali: kila shuka na kila yai hubebwa na boti, kisha mkokoteni, kisha mikono ya mtu.

Lakini kilichostahili fedha kuliko vyote ni kulala ndani ya mji wenyewe. Wageni wengi huja kwa kutwa moja na kuondoka jioni, na wingi wao umeelemea mji ambao wakazi wake katika visiwa vya kale wamepungua hadi chini ya 50,000. Tangu mwaka 2024 manispaa inawatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku zilizotangazwa. Anayelala mjini haitozwi, ila hulipa kodi ya malazi kwa kila usiku, ambayo kwa kawaida haimo kwenye bei uliyotajiwa. Ikifika saa tatu usiku vichochoro vinabaki na nyayo zako, na unasikia mtu akifunga dirisha ng'ambo ya mfereji.

Siku ya pili tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza bado halijaisha, tukaenda uwanja wa San Marco. Maji ya bahari yalikuwa yanapanda kupitia matundu ya mitaro katikati ya uwanja, kimya kimya, yakatandaa juu ya mawe mpaka taa zikaonekana mara mbili. Mimi nimezaliwa Bagamoyo na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ninaijua, lakini sikuwahi kuiona ikiingia mjini kwa kutokea chini ya sakafu. Tarehe 12 Novemba 2019, bamvua ikisukumwa na upepo, maji yalifika sentimita 187 na kuharibu vingi. Tangu Oktoba 2020 mji unalindwa na malango 78 ya chuma yaliyolazwa chini ya bahari kwenye milango ya wangwa, yaani maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji; malango hayo huinuliwa maji makubwa yanapotarajiwa. Lakini uwanja wa San Marco uko chini sana, na maji madogo bado yanaufikia. Wafanyakazi walikuwa wanapanga majukwaa ya kupitia watu, na kanisa la San Marco limezungushiwa ukuta wa kioo. Tulisimama hapo karibu nusu saa, na watu wengine wote waliokuwapo hawakuzidi kumi.

Ndani ya kanisa tuliingia baadaye, kwa tiketi tuliyokata mapema. Michoro ya vipande vya kioo na dhahabu imefunika zaidi ya mita za mraba 8,000 za kuta na kuba, na inahitaji mtu akae atulie, jambo ambalo foleni haikuruhusu. Panda roshani ya juu: farasi wanne wa shaba walioporwa Konstantinopoli mwaka 1204 wamehifadhiwa humo, na wale wanaoonekana nje ni nakala.

Safari ya gondola iliniudhi. Tuliahidiwa kuwa peke yetu, tukapakiwa na wenzi wengine ambao hatuwajui, wakati ni sikukuu ya ndoa yetu. Bei iliyowekwa na manispaa ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na euro 110 kuanzia saa moja usiku, kwa chombo kizima, na si kwa kila mtu. Basi ni afadhali kwenda mwenyewe kwenye kituo cha gondola na kulipa hapo. Chombo chenyewe ni kazi ya kustaajabisha. Ubavu wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, kwa makusudi, kwa sababu mpiga kasia husimama tezi, yaani nyuma, na kupiga kasia moja tu upande wa kulia, na bila mpindo huo kingezunguka. Mahali ambapo sisi tungefunga kishwara, yaani kitanzi cha kamba cha kushikia kasia, wao wameweka gogo la mti wa mjozi lililochongwa kwa mikunjo mingi, na nilimwona akihamisha kasia kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine kila alipotaka kurudi nyuma, kupunguza mwendo au kukata kona.

Kuhusu chakula, kuleni nje ya hoteli. Samaki mkavu wa kaskazini aliyepondwa na mafuta ya zeituni mpaka akawa laini huletwa na polenta nyeupe, ambayo ni ugali kabisa, na dagaa wakubwa waliolazwa katika vitunguu, siki na zabibu kavu walimfanya mume wangu aagize sahani ya pili.

Siku ya tatu tulikwenda kisiwa cha Murano kwa boti ya abiria, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa kuhofia moto mjini. Katika jumba la makumbusho la kioo tulisimama muda mrefu mbele ya shanga. Katika karne ya 19 shanga za Venezia zilifika Zanzibar kwa merikebu, zikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, zikinunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi. Kule Venezia zilitungwa na wanawake maskini waliokaa vibarazani, wakichota shanga kutoka kwenye sinia la mbao kwa sindano ndefu nyingi zilizoshikwa kama upepeo. Mume wangu ni mtu wa Tabora, na bibi yake alikuwa na kamba ya shanga nyekundu alizoziita samesame. Aliinama karibu na kioo cha kabati, akaziangalia nyekundu zile, na kwa muda hakusema neno.

Kwa atakayekwenda, nashauri Novemba katikati ya wiki, na kulala si chini ya mara tatu. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi majibu ya maswali mawili: dirisha linatazama mfereji upi kwa jina lake, na gondola ni ya peke yenu au ya kuchangia. Mimi niliiandikia kampuni barua mara mbili nikiambatanisha stakabadhi, na baada ya wiki tano ilirudisha zile euro 360 za chumba. Ya gondola bado naidai.