Duka la barua nyuma ya Ngome, Lamu: usitume bei kabla ya kupita hapa

Nina nyumba ya wageni Shela, vyumba vinne. Mwaka jana niliiandikia kampuni moja ya utalii ya nje bei ya kundi lao, pamoja na boti ya kuwachukua uwanja wa ndege wa Manda. Barua nikaipa kichwa "Quotation". Petroli ilipopanda nikaomba waniongeze. Wakanijibu bei nimeshaitoa, nao wameshaikubali. Nyongeza ile niliilipa mwenyewe, na iliniuma.

Safari hii nikaenda kwa mwalimu mstaafu anayechapa barua nyuma ya Ngome. Hakugusa mashine. Aliifuata barua yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akauliza: "Dada, bei hii unaijua au unaikisia?"

"Ya vyumba naijua, mwalimu. Ya boti nakisia."

"Basi vyumba andika 'quotation', boti 'estimate'. Ukisema 'quotation' umejifunga."

Lakini lililonifungua macho hasa ni "until". Nilikuwa nimeandika "Please pay the deposit until Friday", maana kichwani mwangu ilikuwa "lipeni mpaka Ijumaa". Akanionyesha kwamba "mpaka" yetu inabeba mambo mawili ambayo Waingereza wameyagawa. Jambo linaloendelea hadi siku hiyo ni "until". Jambo la kufanywa mara moja tu, kabla siku hiyo haijapita, ni "by". Kwa hiyo wao walipe arbuni "by Friday", na mimi nawashikia vyumba "until Friday". Ijumaa ni ile ile moja! Nilizirudia sentensi hizo mbili njia nzima hadi jeti ya boti.

Akafuta pia "Yours sincerely" yangu, akaweka "Yours faithfully", kwa kuwa nilianza na "Dear Sir or Madam" bila jina la mtu. Hilo ni la adabu tu, halingenitia hasara, ila nafurahi barua ilitoka na heshima yake.

Alinitoza shilingi 200 kwa ukurasa, na kusoma kumo humo. Wino wa printa ni hafifu, nakala yangu ya pili ilitoka kijivu. Kiti cha mteja ni kimoja. Adhuhuri anafunga na harudi mpaka baada ya alasiri, basi nendeni asubuhi. Mwenye haraka ya kuchapiwa tu, saiba (maduka ya intaneti) zipo. Mwenye barua iliyo na bei au tarehe ndani yake, ampelekee mwalimu kwanza.

Arbuni yangu iliingia Alhamisi.